KUWEKA PICHA MAHALI PAKE KATIKA WARAKA

Katika masomo yaliyotangulia ulijifunza kuwasha kompyuta, kufungua programu andishi, kuandika maneno na kuyahifadhi. Katika somo hili utajifunza kuingiza picha katika waraka, na kuifanya picha hiyo ikae mahali unapotaka. Jambo la kwanza ni jepesi, nalo huchukua dakika moja tu. Jambo la pili linahitaji uangalifu, nalo ndilo shabaha ya somo letu.

Kumbuka kwamba waraka ni maandishi yaliyoandaliwa ili yasomwe na watu, kama vile barua, taarifa, tangazo au ukurasa wa kitabu. Programu andishi ni programu ya kompyuta inayotuwezesha kuandika waraka, kuusahihisha na kuuchapa. Microsoft Word na LibreOffice Writer ni mifano ya programu andishi.

Kwa nini picha iwe na mahali pake?

Tuseme wanafunzi wa darasa la tano katika shule moja ya milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, wanaandika waraka kuhusu kilimo cha ngolo. Milima hiyo ina miteremko mikali. Mvua inyeshapo, maji hukimbia kwa nguvu na huweza kuchukua udongo mzuri hadi mabondeni. Wamatengo waligundua zamani namna ya kuuzuia udongo huo. Shamba la ngolo lina mashimo mengi yaliyopangwa kama vyumba vya nyuki, na kila shimo limezungukwa na matuta. Maji ya mvua huingia mashimoni, hutulia, kisha hunywea ardhini polepole.

Wanafunzi wameandika hatua nne za kutengeneza ngolo:

1. Kufyeka nyasi na kuziacha zikauke.
2. Kupanga nyasi hizo katika mistari inayokatana, ili zifanye miraba juu ya ardhi.
3. Kuchimba udongo katikati ya kila mraba na kuufunika juu ya nyasi, ili yapatikane matuta.
4. Kupanda maharage juu ya matuta. Mahindi hupandwa katika msimu unaofuata.

Kwa kila hatua wamepiga picha moja, na kila picha wameiweka kando ya maneno yake. Waraka unapendeza. Siku ya pili mwalimu anawaambia waongeze aya mbili mwanzoni ili kueleza sababu za mmomonyoko wa udongo. Wanafunzi wanaongeza aya hizo. Maneno yote yaliyokuwa chini yanasukumwa kwenda chini zaidi. Lakini tazama! Baadhi ya picha zimeshuka pamoja na maneno, na nyingine zimebaki juu. Sasa picha ya kuchimba udongo iko kando ya maneno yanayoeleza kufyeka nyasi.

Je, kuna hasara gani? Mtu aliyezaliwa Umatengo huenda akacheka tu, kwa sababu anaijua kazi hiyo. Lakini mgeni anayetaka kujifunza ataifuata picha. Atachimba udongo na kuurundika kabla ya kupanga nyasi. Matuta yake hayatakuwa na nyasi ndani. Kwa kuwa nyasi zinazooza ndizo zinazorutubisha tuta, atakuwa amefanya kazi ngumu na kukosa sehemu kubwa ya faida yake.

Tuchukue mfano mwingine. Mbinga ni wilaya ya kahawa. Magonjwa mawili yanayosumbua kahawa ni chulebuni na kutu ya majani. Chulebuni hushambulia matunda mabichi. Madoa meusi yaliyobonyea hutokea juu ya tunda, kisha tunda huanguka au hukaukia mtini. Kutu ya majani huonekana chini ya jani kama unga wa rangi ya manjano iliyoiva, kisha majani hupukutika. Ikiwa katika tangazo picha ya chulebuni imesogea hadi kwenye maelezo ya kutu, mkulima atachunguza matunda badala ya kuchunguza majani. Huenda akauona ugonjwa akiwa amekwisha kuchelewa.

Katika mifano hii maneno yote ni sahihi, na picha zote ni sahihi. Kosa limo katika mahali tu. Kwa hiyo tunaona kwamba picha na maneno yake ni kitu kimoja, na lazima visafiri pamoja.

Picha ziliwekwaje kabla ya kompyuta?

Zamani, katika viwanda vya kupiga chapa, kila herufi ilikuwa kipande kidogo cha madini ya risasi. Fundi alipanga herufi moja moja hadi akapata neno, mstari, na hatimaye ukurasa mzima. Picha nayo ilitengenezwa juu ya bamba la madini, na bamba hilo likapigiliwa juu ya kipande cha ubao ili liwe na kimo sawa na kimo cha herufi. Kisha fundi aliziweka herufi na picha ndani ya fremu ya chuma, akazikaza kwa kabari. Katika mkoa wetu wa Ruvuma, misheni ya Peramiho, iliyoanzishwa mwaka 1898, ilikuwa na kiwanda chake cha kupiga chapa, na vitabu vingi vya Kiswahili vilitoka huko.

Katika fremu ya chuma picha haikuweza kusogea. Fundi alipotaka kuongeza maneno, ilimbidi alegeze kabari na kuupanga upya ukurasa kwa mikono yake. Ilikuwa kazi ya kuchosha, lakini fundi alijua kila kitu kilipo. Katika kompyuta hakuna kabari. Maneno husogea yenyewe kila unapoongeza au kupunguza neno moja. Wepesi huo ni faida kubwa, lakini unatutaka tuiambie kompyuta waziwazi picha yetu ifungamane na nini.

Kuingiza picha katika waraka

Fuata hatua hizi:

1. Fungua waraka wako. Soma maneno yaliyomo, na uamue picha inahusu aya ipi.
2. Bofya mwishoni mwa aya hiyo. Utaona kistari kidogo kinachomweka. Kistari hicho huonyesha mahali ambapo kitu kinachofuata kitaingia.
3. Bonyeza kitufe kirefu cha kuanzia mstari mpya, ili picha ipate mstari wake.
4. Tazama menyu iliyo juu ya skrini. Katika kompyuta nyingi za shule menyu huandikwa kwa Kiingereza. Tafuta neno “Insert”, maana yake ingiza. Libofye.
5. Chagua neno “Pictures” au “Image”, yaani picha.
6. Tafuta faili la picha mahali lilipohifadhiwa. Libofye, kisha kubali.
7. Hifadhi waraka wako kabla ya kuendelea.

Picha sasa imo ndani ya waraka. Ukiibofya, vidoto vidogo hutokea kwenye kona zake na katikati ya pande zake. Vidoto hivyo ni vishikio. Ni dalili kwamba picha imechaguliwa na inangoja amri yako.

Njia ya kwanza: picha kama herufi

Katika njia hii kompyuta huichukua picha kama herufi moja kubwa iliyomo ndani ya mstari. Utakumbuka yule fundi wa Peramiho, aliyeliweka bamba la picha katika safu moja na herufi za risasi. Njia hii inafanana na kazi yake. Katika Microsoft Word, picha unayoingiza kwa mara ya kwanza kwa kawaida huwekwa kwa njia hii.

Kwa kuwa picha ni kama herufi, hufuata sheria za herufi. Ukiongeza maneno kabla yake, itasogea mbele. Ukifuta maneno yaliyo kabla yake, itarudi nyuma. Ukitaka ikae katikati ya ukurasa, tumia amri ile ile inayoweka maneno katikati. Ukitaka kuihamisha, ikate na kuibandika mahali pengine, kama unavyofanya kwa neno.

Faida ya njia hii ni kwamba picha haiwezi kupotezana na maneno yaliyo jirani yake. Hasara yake ni kwamba mstari wenye picha huwa mrefu kwenda juu, na kando ya picha huweza kubaki nafasi nyeupe isiyotumika. Hata hivyo, kwa maelezo ya hatua kwa hatua, kama yale ya ngolo, njia hii ndiyo salama kuliko zote. Mwanafunzi anayeanza na aitumie kwanza.

Njia ya pili: picha inayozungukwa na maneno

Umewahi kufika Liuli, kando ya Ziwa Nyasa? Huko kuna mwamba mkubwa uitwao Pomonda, na maji ya ziwa huuzunguka. Maji hayapiti ndani ya mwamba. Yanaupisha, kisha yanakutana tena. Katika njia ya pili picha ni kama mwamba, na maneno ni kama maji.

Ili kutumia njia hii, bofya picha, kisha tafuta neno “Wrap” katika menyu. Maana yake hapa ni kuzungusha maneno. Utapewa namna kadhaa za kuchagua:

(a) Maneno yazunguke kwa mraba. Maneno hupita pande za picha kama vile picha imo ndani ya sanduku. Namna hii inafaa kwa picha nyingi.

(b) Maneno yafuate umbo. Maneno husogea karibu na ukingo wa kitu chenyewe. Inafaa kwa picha iliyokatwa kufuata umbo lake, kama mchoro wa samaki usio na rangi nyuma yake.

(c) Maneno yakae juu na chini tu. Hakuna maneno yanayopita kando ya picha. Inafaa kwa picha pana, kama vile picha ya ufuko mzima wa Mbamba Bay.

(d) Picha ikae nyuma ya maneno. Maneno huandikwa juu ya picha. Itumie kwa picha iliyofifishwa tu, maana picha yenye rangi nzito hufanya maneno yasisomeke.

(e) Picha ikae mbele ya maneno. Picha hufunika maneno yaliyo chini yake. Maneno hayakufutwa, lakini msomaji hawezi kuyaona. Epuka namna hii isipokuwa una sababu maalumu.

Ukichagua mojawapo ya namna hizi, utaweza kuikamata picha kwa kipanya na kuiburuta popote katika ukurasa. Hapo ndipo picha hupata uhuru, na hapo ndipo hatari huanza. Picha iliyo huru huweza kukaa kando ya maneno yasiyo yake. Ni lazima basi tujue kile kinachoishikilia.

Nanga ya picha

Mvuvi wa Ziwa Nyasa anapoegesha mashua yake karibu na pwani, hushusha nanga. Nanga huenda ikawa ya chuma, au jiwe zito lililofungwa kamba. Upepo wa kusini-mashariki ukivuma, mashua huyumba huku na huku, lakini haiendi mbali na nanga yake. Nanga ikiinuliwa na kupelekwa mahali pengine, mashua nayo hufuata.

Picha iliyo huru nayo ina nanga. Nanga yake imeshushwa katika aya fulani. Bofya picha kama hiyo katika Microsoft Word au LibreOffice Writer, kisha tazama pembeni mwa maneno. Utaona alama ndogo yenye umbo la nanga hasa. Aya iliyo karibu na alama hiyo ndiyo aya inayoishikilia picha yako.

Jifunze sheria tatu za nanga:

Sheria ya kwanza. Picha hukaa katika ukurasa ule ule wenye aya ya nanga. Aya ikisukumwa hadi ukurasa unaofuata, picha nayo itahamia huko.

Sheria ya pili. Aya ya nanga ikifutwa yote, picha nayo hufutika. Watu wengi hushangaa wanapoona picha imetoweka, kumbe wamefuta aya iliyokuwa na nanga. Jambo hilo likikupata, usihangaike. Bonyeza kitufe cha Ctrl pamoja na herufi Z, na kitendo chako cha mwisho kitatanguka.

Sheria ya tatu. Ukiiburuta picha mbali, nanga huweza kuhamia aya nyingine bila wewe kutambua. Kwa hiyo, baada ya kuhamisha picha, ibofye tena na uangalie nanga iko wapi. Kama iko katika aya isiyo yake, ikamate alama hiyo na kuiburuta hadi kwenye aya inayofaa.

Katika Microsoft Word utaona pia amri mbili za kuchagua. Amri ya kwanza huiambia picha isogee pamoja na maneno. Amri ya pili huiambia ikae mahali pamoja katika ukurasa, hata maneno yakisogea. Picha ya hatua ya kutengeneza ngolo ipewe amri ya kwanza, kwa sababu ni mali ya maneno yake. Nembo ya shule inayokaa juu ya ukurasa ipewe amri ya pili, kwa sababu ni mali ya ukurasa wenyewe. Kabla ya kuchagua, jiulize swali moja: Picha hii ni ya maneno, au ni ya ukurasa?

Ukubwa na umbo la picha

Mahali pa picha hutegemea pia ukubwa wake. Karatasi ya kawaida ya kuchapia, iitwayo A4, ina upana wa sentimita 21 na urefu wa sentimita 29.7. Pande zote huachwa nafasi nyeupe iitwayo pambizo. Ikiwa kila pambizo ina upana wa sentimita 2.54, upana unaobaki kwa maandishi ni:

21 − (2.54 + 2.54) = 21 − 5.08 = 15.92

Yaani sentimita 15.92. Ukiweka picha yenye upana wa sentimita 12 na kutaka maneno yapite kando yake, yatabaki na nafasi isiyofika sentimita 4. Kila mstari utakuwa na maneno mawili au matatu tu, na kusoma kutachosha. Picha hiyo ama ipunguzwe, ama iwekwe peke yake, maneno yakiwa juu na chini.

Unapopunguza au kukuza picha, kamata kishikio cha kona, usikamate cha upande. Ukivuta kona, kwa kawaida upana na kimo hubadilika pamoja, na umbo hubaki lile lile. Ukivuta upande mmoja, umbo huharibika.

Usidhani kwamba jambo hili ni la urembo tu. Ziwa Nyasa lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote jingine duniani, na wengi wao hutambulikana kwa umbo la mwili. Dagaa ni mwembamba, na perege ni mpana. Ukimvuta dagaa kwenda juu, ataonekana mnene kama samaki wa aina nyingine, na picha yako itakuwa imesema uongo.

Jina la picha

Picha katika kitabu cha sayansi huwa na maelezo mafupi chini yake, kwa mfano: “Picha 2. Nyasi zimepangwa kwa miraba.” Maelezo hayo hayana budi kukaa pamoja na picha. Lakini ikiwa picha ni huru na maelezo yameandikwa kama aya ya kawaida, vitu hivyo viwili huweza kutengana.

Dawa iliyo rahisi ni jedwali. Tengeneza jedwali lenye safu wima mbili. Katika chumba cha kushoto ingiza picha kwa njia ya kwanza, na chini yake andika maelezo yake. Katika chumba cha kulia andika maneno ya hatua hiyo. Fanya hivyo kwa kila hatua, kila moja katika mstari wake wa jedwali. Ukimaliza, ondoa rangi ya mistari ya jedwali ili isionekane katika karatasi. Sasa ongeza aya kumi juu ya jedwali ukitaka. Picha, maelezo na maneno vitashuka pamoja, kama abiria waliomo katika chombo kimoja.

Jaribio

Jaribio hili linaweza kufanywa hata katika shule isiyo na kompyuta. Fanyeni kazi katika vikundi vya wanafunzi wanne.

Vifaa: karatasi moja ya A4, karatasi nyingine za kukata, mkasi, rula, penseli na uzi.

Matayarisho: Kateni vipande 14 vya karatasi, kila kimoja kiwe na upana wa sentimita 1.5 na urefu wa sentimita 10. Hivyo ni mistari ya maneno. Vipande 12 vipeni namba 1 hadi 12. Viwili vilivyobaki viandikeni herufi A na B. Kisha kateni kipande kimoja chenye kimo cha sentimita 3 na upana wa sentimita 4, mkachore ndani yake jembe. Hicho ndicho picha. Picha hiyo inahusu mstari wa 5 na wa 6.

Sehemu ya kwanza: Pangeni vipande 1 hadi 12 juu ya karatasi ya A4, kimoja chini ya kingine. Wekeni picha katikati ya mstari wa 6 na wa 7, kama vile nayo ni mstari. Sasa wekeni A na B juu kabisa, mkisukuma vitu vyote chini. Picha imekwenda wapi? Jirani zake ni mistari ipi?

Sehemu ya pili: Ondoeni A na B, mpange tena mistari 12. Safari hii wekeni picha kulia, kando ya mstari wa 5 na wa 6. Chukueni A na B, mviweke juu na kusukuma mistari yote chini, lakini msiiguse picha. Picha sasa iko kando ya mistari ipi?

Sehemu ya tatu: Rudini mwanzo. Fungeni picha kwa uzi mfupi kwenye mstari wa 5. Sukumeni tena mistari chini kwa kuongeza A na B. Uzi unafanya nini? Halafu ondoeni mstari wa 5 kutoka katika karatasi. Picha imefanya nini?

Mliyoona: Katika sehemu ya kwanza picha ilishuka pamoja na jirani zake. Katika sehemu ya pili ilibaki peke yake, ikawa kando ya mstari wa 3 na wa 4, ambayo si mistari yake. Katika sehemu ya tatu uzi uliivuta picha ikafuata mstari wa 5, na mstari huo ulipoondolewa, picha nayo iliondoka.

Uamuzi: Picha hufuata kile ilichofungamanishwa nacho. Kazi ya mwandishi ni kuhakikisha kwamba imefungamanishwa na maneno yake.

Kukagua waraka kabla ya kuchapa

Karatasi na wino hununuliwa kwa fedha. Kwa hiyo kagua waraka wako katika skrini kabla ya kuuchapa. Anza ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Kwa kila picha jiulize: Je, iko kando ya maneno yake? Je, imefunika neno lolote? Je, umbo lake ni la kweli? Je, maelezo yake yako chini yake? Kisha mpe mwenzako ambaye hakuandika waraka huo, naye ausome. Yeye ataona kosa ambalo jicho lako limelizoea.

Mambo ya kukumbuka

1. Picha na maneno yake ni kitu kimoja, navyo havina budi kusafiri pamoja.
2. Picha iliyowekwa kama herufi hufuata mstari wake. Njia hii ni salama kwa anayeanza.
3. Picha inayozungukwa na maneno ni huru, lakini ina nanga katika aya fulani.
4. Aya yenye nanga ikifutwa, picha nayo hufutika.
5. Vuta kona ya picha, usivute upande.
6. Jedwali huweza kuziweka picha na maelezo yake pamoja.

Maswali

1. Taja njia mbili za kuweka picha katika waraka, na ueleze faida moja ya kila njia.
2. Mwanafunzi amefuta aya moja, na picha ya mwamba wa Pomonda imetoweka. Eleza sababu, na umwambie la kufanya.
3. Upana wa maandishi ni sentimita 15.92. Unataka kuweka picha mbili zenye upana sawa, moja kando ya nyingine, na kati yake nafasi ya sentimita 0.92. Kila picha itakuwa na upana gani?
4. Nembo ya shule na picha ya jani lenye kutu ya kahawa zimo katika waraka mmoja. Ipi isogee pamoja na maneno? Ipi ikae mahali pamoja? Toa sababu.
5. Kwa nini si vizuri kumvuta samaki wa picha kwa upande mmoja tu?
6. Kazi ya mikono: Mwulize mzee au mzazi akueleze kazi moja inayofanyika kijijini kwenu, kama kukausha dagaa, kutengeneza ngolo au kuchuma kahawa. Iandike katika hatua nne, na kila hatua iwe na picha au mchoro wake. Kisha ongeza aya moja mwanzoni, na uangalie kama kila picha bado iko mahali pake.